Maswali Yenu: Mibuyu na Miembe Mikongwe Usiku, Kutoka Mikindani Hadi Kilwa

Barua za safari hii nyingi zimetoka kusini, na karibu zote zinauliza jambo moja: miti ya miaka mingi iliyosimama kwenye viwanja vya maboma, misheni na magofu, inapigwaje picha usiku? Jibu la kwanza ni refu kwa makusudi, kwa sababu majibu mengi yanayofuata yanalitegemea.

Nina kamera yenye lenzi ya 18–55 iliyokuja nayo. Kila nikipiga mbuyu usiku, shina linatoka jeupe kama limepakwa chokaa, matawi hayaonekani na anga ni nyeusi tii. Ninunue flashi kubwa zaidi?
*Msomaji, Mikindani*

Hapana. Zima hata hiyo uliyonayo.

Mwanga wa flashi hupungua kwa haraka kuliko watu wanavyodhani. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Flashi ndogo ya juu ya kamera, ukiwa kwenye ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/4 (upana wa tundu la lenzi), inatosha kitu kilicho mita 3 hivi. Shina likiwa mita 3 na tawi la juu mita 18, tawi linapata sehemu moja tu ya 36 ya mwanga uliopata shina. Flashi kubwa itasukuma tatizo mbele kidogo, haitaliondoa. Tena mwanga unaotoka palepale ilipo kamera hufuta vivuli vyote, na mbuyu bila vivuli hauna mikunjo, hauna makovu, hauna unene. Unabaki ukuta.

Taa yako ni mwezi. Upo mbali kiasi kwamba shina na tawi la juu vinapata mwanga uleule. Usiku wa mwezi kumi na nne, anga likiwa safi, anzia hapa: tripodi, f/4, ISO 800, sekunde 15. Mwezi ukiwa nusu usidhani mwanga nao umepungua nusu. Unabaki kama sehemu moja ya kumi ya ule wa mwezi mpevu, kwa hiyo utahitaji ISO 3200 na sekunde 30. Usiamini kioo cha kamera, maana gizani kila picha huonekana imeng'aa. Fungua histogramu, ile chati inayoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Kilima chake kikae upande wa kushoto bila kugusa ukingo. Kikisogea hadi katikati, picha itafanana na ya saa nane mchana yenye nyota, nayo inachekesha.

Sasa saa. Huku kwetu mwezi hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kila saa, na mwezi mpevu wa Juni na Julai hukaribia utosini ifikapo usiku wa manane. Mwanga wa utosini unaangukia juu ya matawi na kuacha shina gizani. Kwa hiyo piga kati ya saa moja na saa tatu baada ya mwezi kuchomoza, ukiwa bado chini ya nusu ya anga, au zile saa tatu za mwisho kabla haujatua. Mwezi ukiwa mashariki, wewe simama kaskazini au kusini ya mti. Upande mmoja wa shina utawaka, mwingine utakuwa na kivuli, na kila kovu la gome litajitokeza.

Wengi huchagua lenzi kwanza, kisha wanatoka usiku wowote uliopatikana. Geuza mpangilio huo: chagua usiku, halafu saa, halafu upande wa kusimama. Lenzi uliyonayo itatosha.

Kama mti wenyewe uko kwenye eneo la Boma la Mikindani, jengo la Wajerumani la mwaka 1895, kumbuka kwamba sasa ni hoteli na watu wamelala. Omba ruhusa mchana, na uliza kama taa za nje zinaweza kuzimwa kwa nusu saa. Taa moja ya ukutani ina nguvu kuliko mwezi wote.

Nataka kupiga mibuyu na magofu ya Kilwa Kisiwani usiku wa mwezi mpevu. Niende saa ngapi, na nahitaji nini?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Wewe wa pwani unajua kwamba mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kwa wingi, ila huenda hujaliunganisha na kamera. Siku za bamvua maji huwa yamejaa mnamo saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na huwa yamekupwa mnamo saa nne usiku. Mwezi unachomoza jua linapozama, yaani maji tayari yanatoka. Ule muda mzuri wa mwezi uliochomoza jioni unakwenda sambamba na maji kupwa, na ukimaliza kazi saa tatu na nusu utakuta boti imekaa kwenye matope na wewe unatembea majini na begi la kamera kichwani. Kungoja siku mbili tatu hakusaidii sana. Mwezi huchelewa takriban dakika 50 kila siku, na maji nayo huchelewa vivyo hivyo.

Ufumbuzi uko upande wa pili wa usiku. Alfajiri ya kuamkia kumi na tano, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, mwezi unashuka magharibi, maji yamejaa, na upepo wa kusi mara nyingi umetulia. Vuka jioni kabla ya giza, lala kisiwani kwa makubaliano na wenyeji, kisha fanya kazi alfajiri. Mnamo saa kumi na moja u nusu anga la mashariki linaanza kubadilika, na hapo una dakika chache ambazo mwezi bado unaangaza ukuta na anga limeshakuwa la buluu. Hizo ndizo picha za kuwekwa ukutani.

Ruhusa ni lazima. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na kibali cha kawaida cha mtalii ni cha mchana. Omba kibali cha usiku mapema katika ofisi ya mamlaka inayosimamia magofu, pale Masoko, na taja wazi kwamba utatumia tripodi na tochi. Nenda na mwongozaji. Husuni Kubwa imejengwa kwenye ukingo wa mwamba juu ya bahari, kuna mashimo na kuta zilizokatika, na mtu anayetazama kioo cha kamera hatazami miguu. Usiegemeze tripodi wala begi kwenye ukuta. Mawe yale ya matumbawe na chokaa humeguka kwa mguso mdogo tu.

Jambo moja la kupima mwanga: kuta zile ni za rangi nyepesi na hurudisha mwanga mwingi kuliko majani. Weka mipangilio kwa ukuta, sio kwa mti. Mti ukibaki mweusi kidogo unaweza kuuinua baadaye ukiwa umehifadhi faili la RAW, lile ghafi ambalo kamera haijalichakata. Ukuta ukishaungua mweupe haurudi.

Picha zangu zote za usiku zina ukungu. Tripodi ni imara, nimejaribu na mbili tofauti.
*Msomaji, Lindi mjini*

Basi si tripodi, ni fokasi, yaani pale lenzi inapolenga ukali wa picha. Gizani kamera inatafuta, inakosa, kisha inapiga hivyo hivyo.

Mwambie mwenzako amulike shina kwa tochi, au tundika tochi ndogo kwenye urefu wa kifua palepale chini ya mti. Washa kioo cha nyuma, kuza picha hadi mara 10 kwenye ukingo wa gome, acha kamera ipate fokasi au zungusha pete mwenyewe, kisha hamishia swichi ya lenzi kwenye M (fokasi ya mkono). Bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye pete isizunguke. Ukibadilisha ukuzaji wa lenzi, hata kidogo, rudia yote: lenzi nyingi za 18–55 hupoteza fokasi ukizikuza.

Kama huna mtu wa kumulika: kwenye mm 18 na f/4, weka fokasi kwenye kitu kilicho mita 5. Kuanzia mita 2 na nusu hadi nyota vitakuwa vikali vya kutosha.

Sababu mbili ndogo ambazo husahaulika. Kizuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi (ile swichi ya IS, VR au OSS) kizimwe ukiwa kwenye tripodi, maana kwenye lenzi nyingi huleta mtikisiko wake chenyewe. Na usibonyeze kitufe kwa kidole. Tumia taimu ya sekunde 2. Tripodi ikiwa kwenye mchanga, ikandamize miguu kwanza, piga picha moja ya kutupa, ndipo uanze. Mchanga huzama polepole chini ya uzito.

Mti unaonekana kama unaanguka kinyumenyume.
*Msomaji, Masasi*

Umeinua kamera juu. Iweke sawa kabisa, piga picha ikiwa imesimama wima, rudi nyuma hadi kilele kiingie, halafu kata ardhi iliyozidi chini. Kwa mti wa mita 18 na lenzi ya mm 18 kwenye kamera za kawaida, umbali ni kama mita 25. Pima mchana kwa hatua, uweke jiwe.

Hapa misheni kuna miembe mikubwa sana. Kwa mwezi mpevu kinachoonekana ni bonge jeusi, na majani yametoka kama moshi. Tunakosea wapi?
*Msomaji, Ndanda*

Hamkosei, mnapiga mti usiokubali mwezi. Mbuyu wakati wa kiangazi uko mtupu, mwezi unapita hadi kwenye shina. Mwembe haupukutishi majani yote kwa pamoja, na kivuli chake ni kizito hata saa sita mchana. Kwa mwembe mwezi ni wa kuchora umbo la nje na kuangaza uwanja. Ndani mtaleta mwanga wenyewe.

Mnahitaji watu wawili, mmoja kwenye kamera na mmoja na tochi. Tochi ya lumeni 200 hadi 300 inatosha. Zile kali za walinzi zinaharibu. Kwanza funikeni tochi. LED za kawaida zina mwanga wa buluu, kama 6000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na mwanga wa mwezi uko karibu na 4100 K. Kamera ikiwekwa 4000 K, mwezi utaonekana wa kawaida na tochi itatia shina rangi ya maiti. Karatasi ya nailoni ya rangi ya chungwa, ile ya kufungia zawadi, tabaka moja au mbili, hufanya mwanga uwe wa joto na gome lifanane na gome.

Mipangilio ya kuanzia: f/5.6, ISO 800, sekunde 30. Mwenye tochi asisimame karibu na kamera. Asimame pembeni, mita 8 hadi 10 kutoka kwenye shina, kiasi kwamba mstari wake na mstari wa kamera vinakutana kwenye mti kwa pembe mraba au karibu na hapo. Shata (pazia la kamera) ikifunguka, aanze kwenye mizizi, apande taratibu hadi kwenye panda ya kwanza, ashuke, kwa sekunde 5 au 6. Mkono uwe unatembea muda wote. Ukituama sekunde moja, pale patakuwa na doa. Kisha azime, aende nyuma ya shina, ajifiche kabisa, na amulike juu ndani ya matawi kwa sekunde 8 hadi 10. Huo mwanga wa ndani ndio unaoonyesha ukubwa wa mwembe, kwa sababu matawi yanajitenga moja moja badala ya kuwa bonge.

Yanayoharibika mara nyingi ni matatu. Kioo cha tochi kikielekea kamera hata kidogo kinaacha mstari mweupe, kwa hiyo kizungushieni bomba la karatasi nyeusi la sentimita 10. Mwenye tochi akivaa shati jeupe ataonekana kama mzuka. Na majani ya mwembe yana mng'ao, yanarudisha mwanga kuliko gome; yakipigwa kwa muda sawa na shina yatawaka. Toeni kwa majani nusu ya muda mliotoa kwa shina mkiwa umbali uleule.

Ule moshi ni upepo. Kusi inavuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, na sekunde 30 ni muda mrefu kwa jani. Subirini alfajiri, au msubiri maleleji, pepo zinapogeuka. Kama ni lazima iwe Julai, pigeni picha mbili bila kugusa tripodi: moja ya sekunde 30 kwa uwanja, anga na shina, nyingine ya sekunde 4 kwenye ISO 6400 kwa majani, kisha muziunganishe kwenye kompyuta. Binafsi hatuoni ubaya wa majani kutikisika kidogo kwenye ncha, ilimradi matawi mazito yametulia. Mti hai hutikisika.

Misheni ya Ndanda ipo tangu 1906 na ina ratiba yake ya sala na ukimya. Uliza saa ambazo tochi na minong'ono yenu havitamsumbua mtu.

Kwenye video wanasema nitafute Nyota ya Kaskazini ili nyota zizunguke juu ya mti. Siioni.
*Msomaji, Nachingwea*

Hutaiona, iko chini ya upeo wa macho. Kusini mwa Tanzania tuko takriban nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo nyota zinazunguka nukta iliyo kusini, nyuzi 10 tu juu ya ardhi. Nyosha mkono, kunja ngumi: kimo cha ngumi moja juu ya upeo, kusini kabisa, ndipo katikati ya duara. Hakuna nyota angavu pale. Tumia dira, na Msalaba wa Kusini ukiwa juu, mkia wake mrefu unaelekea huko.

Kwa kuwa nukta iko chini sana, utapata nusu duara, kama upinde juu ya mti. Simama kaskazini ya mti, utazame kusini, uweke shina juu ya ile nukta. Ukitazama mashariki au magharibi, mistari inakaribia kunyooka. Kwa mbuyu mnene inapendeza pia, ila si duara.

Piga picha 120 za sekunde 30, moja baada ya nyingine kwa pengo la sekunde 1, kisha uziunganishe kwa programu kama StarStaX, ambayo ni ya bure. Saa moja inatoa nyuzi 15 za mzunguko. Kwa mti mkubwa saa mbili ni bora. Zima ile kazi ya kamera ya kupunguza chembechembe kwenye picha ndefu, kwa sababu baada ya kila sekunde 30 kamera itakaa sekunde 30 nyingine ikijisafisha na mistari itatoka vipande vipande. Betri moja haifiki.

Ukitaka nyota ziwe nukta na Njia ya Maziwa ionekane, gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, na kama kamera si ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa cha mm 36 kwa 24) gawanya tena kwa 1.5. Lenzi ya mm 18 inatoa sekunde 18 hivi. Tumia f/3.5 na ISO 3200 au 6400, pasipo mwezi. Kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita juu kabisa mnamo saa sita usiku mwishoni mwa Juni, saa nne usiku karibu na Julai 20, na saa mbili usiku mwishoni mwa Agosti. Mibuyu nayo wakati huo iko mitupu. Anayetaka picha moja tu ya mwaka aiwekee alama wiki ya mwezi kuandama mwezi wa Agosti.

Sina kamera, nina simu. Niache?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Usiache. Ibane kwenye tripodi yenye kishikio, chagua hali ya usiku, tumia lenzi kuu ya 1x (ile pana ina kihisi kidogo na inachafua giza), na weka taimu ya sekunde 3. Simu nyingi zikihisi zimetulia kabisa huongeza zenyewe muda hadi sekunde 10 au zaidi, jambo ambalo hazifanyi mkononi. Gusa shina kwenye kioo, shikilia hadi fokasi ifungwe, kisha shusha mwanga kidogo. Saa nzuri kwa simu ni dakika 15 hadi 30 baada ya jua kuzama. Huku kwetu giza huingia haraka, ukichelewa kidogo umekosa.

Kila baada ya saa moja lenzi inapata umande. Nikiipangusa, unarudi.
*Msomaji, Newala*

Ukiipangusa unaondoa maji, hujaondoa baridi, na kioo baridi ndicho kinachovuta maji. Lenzi inatakiwa iwe na joto kidogo kuliko hewa. Kuna mikanda ya joto inayotumia USB. Inafungwa kuzunguka lenzi karibu na kioo cha mbele na kuchomekwa kwenye pawabenki. Ya kiwango cha kati inatosha. Iwashe tangu mwanzo, kabla ya umande kuja. Kama huna, kofia ndefu ya lenzi inachelewesha tatizo.

Walio pwani wana tatizo la kinyume: kamera inatoka kwenye chumba cha kiyoyozi, inakutana na hewa yenye unyevu, inatoka jasho hadi ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 45 nje ya chumba. Usifungue ili kuangalia kama tayari.

Na wote: dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha plastiki na mpira wa kamera, na inaharibu rangi ya kinga ya lenzi. Jipake, nawa viganja kwa sabuni, ndipo ushike vifaa.

Nimesikia ua la mbuyu hufunguka usiku mmoja tu. Linapigwaje?
*Msomaji, Ruangwa*

Ni kweli. Hufunguka jioni giza linapoingia, huning'inia likitazama chini, jeupe, na kesho yake huwa limeshanyauka na kuanguka. Maua huja mara nyingi kuanzia Oktoba, kuelekea mvua. Chini ya mti utaona maua ya jana yameanguka, na juu yake angalia vifuko vya kijani vilivyovimba na kuanza kupasuka nchani. Hivyo ndivyo vya leo.

Chagua ua lililo chini kabisa, weka tripodi saa kumi na moja jioni, weka fokasi kwa mkono kukiwa bado na nuru. Kwa ua peke yake tumia tochi hafifu iliyofunikwa kutoka pembeni, f/8, ISO 800, sekunde 1 au 2, kama hakuna upepo. Kwa popo wanaokuja kunywa asali, muda huo haufai. Hapo ndipo flashi ina kazi. Iweke pembeni, nje ya kamera, kwa nguvu ya 1/16 au chini, maana flashi ndogo hiyo hudumu muda mfupi sana na kugandisha bawa. Shata 1/200, f/8, ISO 800. Ukiona popo wanakwepa ua lako, zima. Popo ndiye mchavushaji wa mbuyu. Ukimfukuza usiku ule, ua lile linaweza kukosa tunda, na lenyewe halina usiku wa pili.

Kwenye maelezo ya picha niandike mti una miaka mingapi? Kila mtu ananitajia namba yake.
*Msomaji, Kilwa Kivinje*

Usiandike miaka kama hakuna kipimo. Mbuyu huwa na mapango ndani na pete zake ni ngumu kuhesabu. Umri wake hupatikana kwa vipimo vya kaboni maabara. Mbuyu wa Panke wa Zimbabwe ulipimwa hivyo ukapatikana na zaidi ya miaka 2,400, lakini unene hauhamishiki kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Mti wa mahali penye maji hunenepa haraka.

Andika mzingo wake kwa mita, uliopimwa kwa utepe kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, pamoja na mwezi uliopima, kwa sababu mbuyu hunywea kidogo wakati wa kiangazi. Ongeza aina ya mti na mahali. Hizo ni habari ambazo mtu wa baadaye anaweza kuzirudia na kulinganisha.

Vivyo hivyo kwa historia. Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa nao hapo kwenu mwaka 1895, na jina la Mwembe Kinyonga linajulikana. Hiyo haiupi kila mwembe mkongwe wa Kivinje haki ya kuitwa wa kunyongea. Andika tukio pale lilipotokea. Mti mwingine uachie mzingo wake.

Kuna mbuyu kijijini wenye vitambaa na vyungu chini yake. Naweza kuupiga picha usiku?
*Msomaji, Mchinga*

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, naye atakuelekeza kwa mzee mwenye mji. Nenda mchana, bila kamera begani, uamkie, ueleze unataka nini na picha itakwenda wapi. Ukikataliwa, shukuru. Ukikubaliwa, uliza upande gani wa mti usikanyagwe na kama vitu vilivyo chini vinaweza kuonekana kwenye picha. Usivisogeze kwa ajili ya fremu. Usitundike tochi kwa msumari na usipande. Usiweke mshumaa ndani ya pango la shina hata kama umeona picha nzuri ya namna hiyo. Ndani kuna nyuzi kavu ambazo zikishika moto huweza kuungua polepole siku nzima bila moshi kuonekana.

Vaa viatu vilivyofunika kifundo na mulika ardhi kabla ya kila hatua, nyoka hupenda mizizi yenye joto. Ukiwa karibu na bandari, kambi au mitambo ya gesi, toa taarifa polisi mapema na uwe na barua ya mwenyekiti mfukoni. Mtu aliyesimama gizani na tripodi saa nane usiku ataulizwa, na ni haki aulizwe.